Hoteli ya Naporoto Ilivyozaliwa Mara Tatu, na Mama Aliyeiona Yote

Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Ziwa Turkana bado unavuma kwa nguvu. Christine Nakuleu ameinama nyuma ya jiko la hoteli ya Naporoto, akiukinga moto kwa bati ili usizimike. Kando yake kuna beseni la ngege waliovuliwa usiku. Anawaparua magamba huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Ejok," anamsalimu mwandishi bila kugeuka. "Kaa hapo upande hii. Hapo moshi itakumaliza."

Christine ana umri wa miaka sitini na mmoja. Wageni wanaotoka Lodwar siku za Jumamosi humwita Mama Naporoto, wakidhani ndilo jina lake. Hakuna mfanyakazi mwingine aliye hai aliyeiona hoteli hii ilipojengwa, ilipokufa, ilipofufuka na ilipomezwa na maji.

Alifika ufukweni akiwa msichana wa miaka kumi na sita, mwaka wa njaa ile iliyofagia mifugo ya Waturkana wengi. Baba yake, mfugaji wa upande wa Kainuk, alikuwa amebaki na punda mmoja tu. Akampeleka binti yake kwa shangazi aliyekuwa akivua samaki karibu na mdomo wa mto Kerio.

"Kwetu mtu wa samaki alionekana maskini wa mwisho," anasema. "Nililia njia yote. Nilikuwa hata sijui kula samaki. Nilidhani mfupa itanitoboa roho."

Wakati huo, mzungu mmoja aliyeitwa Boris alikuwa akijenga vibanda vya makuti ya mikoma kwenye chemchemi ya Naporoto. Alikuja kuvua mbuta, akaupenda upepo, akasahau kurudi kwao. Alihitaji mtu wa kufua mashuka, na shangazi akamsukuma Christine mbele.

Anapoeleza miaka iliyofuata, uso wake unalainika. Anakumbuka ndege ndogo zikitua mchangani kutoka Nairobi, na watoto wakizikimbilia. Anakumbuka mbuta mkubwa kuliko mtu, akining'inizwa mtini ili mgeni apigwe naye picha. Jioni Boris aliwasha jenereta, na wafanyakazi wakacheza ngoma pamoja na wageni mpaka mafuta yakaisha.

"Ukisimama mbali, hoteli iling'aa peke yake. Pande zote giza, hapo tu mwanga. Mimi nilikuwa najiambia, hii ndio mji yangu sasa."

Hapo ndipo alipompata Adome, kijana aliyeendesha boti ya wageni. Walifunga ndoa katika ukumbi wa kulia chakula. Boris aliwapa kibanda kimoja kwa siku mbili, kama wageni waliolipa.

"Nilitandikiwa kitanda na wenzangu," anasema, kisha anacheka. "Niliamka asubuhi nikaitandika tena, mkono imezoea."

Mambo yalianza kuharibika polepole. Ziwa lilirudi nyuma hadi boti zikabaki kwenye matope. Barabara ya Kainuk ikawa na ujambazi, wageni wakaogopa. Katikati ya miaka ya tisini Boris, akiwa mzee na mgonjwa, alipeana mikono na kila mfanyakazi, akapanda gari. Hakurudi tena. Makuti yakaoza, na mbuzi wakalala vyumbani.

Adome akageukia uvuvi, akiwafuata samaki kaskazini hadi Todonyang. Siku moja upepo ulimkuta katikati ya maji. Boti ilipatikana imepinduka. Yeye hakupatikana.

Christine anaongeza ukuni, ingawa moto haujapungua.

"Nilichukia hii maji," anasema hatimaye. "Nilibeba watoto wangu wawili na gunia ya samaki mkavu, nikaenda Kakuma. Nilitaka mahali ziwa haionekani."

Sokoni Kakuma hakumjua mtu. Aliketi juani na gunia lake hadi mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, Godelieve, alipotoka kwenye kihoteli chake cha mabati na kumwita.

"Nilimuona anaishaka na jua," anakumbuka Godelieve, tuliyemkuta Kakuma akikoroga sufuria ya sombe, majani ya muhogo. "Nikamuambia, mama, ingia. Samaki yako itanunuliwa, lakini weye kwanza kunywa maji."

Godelieve alimpa kona ya kuuzia, kisha akamfundisha kupika samaki kwa mawese. Kwa zaidi ya miaka kumi wanawake hao walipika jiko moja, na watoto wao wakakua wakimwita kila mmoja wao mama.

Kisha, mwaka wa 2012, ikaja habari kwamba Jebet, mfanyabiashara wa Lodwar, ameinunua Naporoto na anatafuta wafanyakazi wa zamani. Christine alikataa. Ni Godelieve aliyemfungia mzigo.

"Nilimuambia, ile ziwa haikukosa. Ni upepo. Na weye kila siku unaongea tu Naporoto, Naporoto. Utakufa unaongea? Rudi!"

Akarudi, safari hii kama mpishi mkuu. Wageni hawakuwa wa ndege tena. Walikuwa maofisa wa kaunti, wafanyakazi wa mashirika kutoka Kakuma, na familia za Lodwar zilizobeba watoto na redio. Samaki wa mawese akapata sifa.

Mwaka wa 2020 ziwa, ambalo zamani lilikimbia, lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Kila wiki lilisogea hatua chache, hadi vibanda vikaanza kuinama kimoja kimoja. Ukumbi aliofungia ndoa sasa uko chini ya maji. Zimebaki nguzo nne tu, na ndege weusi hukausha mabawa juu yake.

"Jebet alilia. Mimi nikamwambia, mama, hii hoteli imeshakufa mara moja na ikaamka. Tupande juu."

Walipanda. Leo vibanda vinane vipya vimesimama kwenye mwinuko, mbali na maji.

Godelieve, kwa miaka yote aliyopika samaki wa ziwa hili, hajawahi kuliona. Mkimbizi hatoki kambi ya Kakuma bila kibali. Aliwahi kukipata mara moja, mwaka huohuo wa 2020, lakini barabara zikafungwa kwa sababu ya korona. Sasa miguu yake inavimba, na anaogopa asije akachelewa.

Mwezi uliopita alipata kibali kingine. Atakuja wiki ya Krismasi, na Jebet amesema atalala bure katika kibanda kinachotazama maji.

"Siku hiyo haingii jikoni," anasema Christine, akigeuza samaki. "Akishika mwiko nitamnyang'anya. Atakaa kwa kiti, aletewe."

Na baada ya chakula?

Anafuta mikono kwenye leso, anatazama ziwa, ambalo sasa limeanza kupata rangi ya kijani.

"Nitamshika mkono, tuingie kwa maji mpaka magoti. Yeye hajawahi kuingia." Anakohoa kidogo. "Na mimi, tangu Adome, sijaingia."