Giaboksi Iliyosaga na Fimbo ya Arap Koech

Niliondoka Kedowa kwa ukaidi. Pikapu yangu, kuukuu lakini kipenzi, ilikuwa imeanza kusaga kama jiwe la kusagia wimbi, na kila mtu sokoni alinishauri niipeleke mjini Kericho. Mimi nilitaka kuipeleka Siongiroi kwa Arap Koech, fundi aliyeitunza tangu siku niliyoinunua. Walinicheka. Walisema mitambo ya kiwanda cha majani ya chai, alikofanya kazi miaka mingi, imemaliza masikio yake, na kwamba Jumamosi hiyo shemeji yake angekuja kuchukua spana zake zote, maana anaacha ufundi. Fundi asiyesikia atajuaje gari linalia wapi? Ila iliniuma kwamba angeacha kazi bila mtu hata mmoja kumjaribu.

Ijumaa, umande ukiwa bado kwenye majani, niliteremka kuelekea Kericho. Chai ilitandazwa pande zote mbili za barabara, imekatwa sawasawa, na wachumaji walikuwa wameingia ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Kwenye gia ya nne gari lilitulia, nami nikaimba. Kilima kiliponilazimisha kurudi ya tatu, kusaga kukaanza tena, na wachumaji wakainua vichwa. Mama mmoja alinipungia mkono wa pole.

Baada ya Litein sikuimba tena. Kuanzia Sotik chai ilipungua, ng'ombe wakaongezeka, na vumbi likaingia hadi kwenye meno.

Siongiroi nilipokewa na Mama Taprandich, mkewe Koech, ambaye hamruhusu mgeni kueleza shida kabla hajanywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Nilikunywa, na ilikuwa tamu, lakini jicho langu lilikuwa mlangoni. Spana zilikuwa pale, zimefungwa ndani ya gunia, zinamngoja shemeji.

Nilipomweleza shida, Koech alinisoma midomo. "Kamau, peleka Kericho," alisema. "Mimi sisikii hata ng'ombe yangu ikilia."

Sikumpigia kelele kama wengine walivyomzoesha. Niliwasha gari, nikamshika mkono na kuuweka juu ya wenzo wa gia. Alisimama hivyo, nusu ndani ya gari na nusu nje, akiupima mtetemo kwa kiganja. Kisha akaingia nyumbani akatoka na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe.

Tuliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, tukaegemeza ekseli yake kwenye magogo na kuyazuia ya mbele kwa mawe. Chini palikuwa na mavi ya ng'ombe. Koech alipatazama, akalitazama gunia, akamtazama mkewe. Kisha akalifungua, akamwaga spana zote kwenye nyasi, akalitandika gunia na kulala juu yake. Ncha moja ya fimbo aliiweka kwenye giaboksi, ya pili akaiuma kwa meno, mtetemo umfikie kupitia mifupa.

Mimi nilikaa kwenye usukani. Akigonga chesi, ile fremu ya gari, nabadilisha gia. Nilipokanyaga klachi, kusaga kulikoma. Nilipoiachilia, kukarudi. Ya pili ilisaga, ya tatu ikasaga, ya nne ikatulia. Kila mara alihamisha fimbo kidogo, huku mkewe amekumbatia kibuyu kifuani kana kwamba anamngoja daktari.

Akatoka chini akitabasamu. "Klachi iko sawa. Hii ni beringi ya shafti ya chini, ile ya nyuma. Ya nne haisagi kwa sababu haibebeshi hiyo shafti mzigo."

Jioni ile tuliifungua giaboksi, na beringi ilikuwa pale pale aliposema, imeliwa hadi kuwa na vishimo. Nilimpenda mtu yule kuliko ninavyoweza kuandika. Nyuma ya nyumba alikuwa na giaboksi kuukuu ya aina ile ile, akatoa humo beringi nzima.

Jumamosi asubuhi Koech alikuwa chini ya gari, juu ya gunia lake, akikaza bolti za mwisho. Shemeji alifika, akaiona miguu tu, akaita. Akaita tena. Miguu haikujibu.

"Mwache," alisema Mama Taprandich. "Ako kazini."

Shemeji alikaa akapewa mursik. Akaondoka mikono mitupu, wala hakuonekana kusikitika.

Mchana niliishika njia ya kurudi. Tangu safari ile, nikiambiwa fulani amekwisha, huuliza kwanza ni nani aliyempelekea kazi mara ya mwisho. Karibu na Kericho kilima kile kile, sasa nikikipanda kwa upande wa pili, kilinirudisha gia ya tatu. Wachumaji hawakuinua vichwa. Nilikaribia kusimama niwaombe waache chai kidogo, wasikilize jinsi gari langu lisivyosikika.