Vipande Viwili vya Chuma Chini ya Tani Moja

"Tani moja kwangu ni kifungua kinywa."

Mjomba wangu aliyasema hayo mbele ya madereva wote wa pikapu za kukodi, amesimama juu ya kreti la soda, wiki ile aliponunua pikapu yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wenzake walikuwa wanazungumza habari za mvua. Lakini mtu mwenye gari mpya hasubiri kuulizwa, hata kama gari yenyewe ilishapita kwa wamiliki wawili kabla yake na mmoja wao aliacha soksi chini ya kiti. Tangu siku hiyo jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye leseni tu. Kijiweni akawa Tani Moja, na mkewe naye akikasirika humwita hivyohivyo.

Hiyo ni miaka kumi na minne iliyopita. Siku hizi kile kifungua kinywa kinamkwama kooni. Pikapu imekalia matako. Majani ya springi za nyuma, zile pau za chuma zinazopaswa kupinda kama upinde na kulaliana moja juu ya nyingine, yamenyooka kama rula, na ukipakia mzigo yanapinda upande wa pili. Taa za mbele zinamulika matawi ya miti na madirisha ya ghorofa ya pili. Mwenyewe naye hana tofauti na gari yake. Anashuka kwa awamu: mguu mmoja, mguu wa pili, halafu anasimama kidogo akisubiri mgongo ufike.

Kazi iliyokuwa imebaki ni moja. Alikuwa anabeba tofali za saruji kutoka kiwandani kwenda shuleni, ambako wanajenga bweni, safari nne kwa siku. Wateja wengine walishahamia kwa vijana wenye gari nzima. Hakuwalaumu. Hata yeye, alisema, angekuwa na mzigo asingejipa.

Ijumaa moja, akiingia na mzigo, bomba la moshi likakwaruza sakafu ya geti la ujenzi. Msimamizi wa pale, kijana anayevaa kofia ya plastiki hata akiwa mezani ofisini, akatoka akachuchumaa.

"Mzee, umeuona huu mstari?"

"Nimeuona."

"Hili zege ni la wiki jana. Umelichora kama daftari."

"Nitalipiga plasta."

"Usipige chochote. Jumatatu nikiona tako la gari linaburuza, geuza urudi nalo. Kuna watu watatu wananipigia simu kila asubuhi wakiitaka hii kazi."

Kazi ile ikipotea, pikapu haina cha kubeba. Na pikapu isipobeba, kuna kiti. Kiti chenyewe ni cha plastiki, cha bluu, kipo getini kwenye duka la vifaa vya umeme la kaka wa mkewe, na anayekikalia hufungulia wateja geti na kuangalia pikipiki zao. Shemeji alishamwambia mara mbili, kwa upole, na upole ndio uliomchoma: "Kiti kipo, shemeji. Hakina haraka."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Tani Moja akaenda kwa fundi wa springi, mama wa makamo aliyerithi tanuru na nyundo kwa baba yake, na ambaye madereva humwita Daktari wa Viuno. Fundi aliingia chini ya gari, akakaa huko muda, akatoka anajifuta mikono.

"Hizi springi zimestaafu, mzee. Hakuna aliyezipa barua tu."

"Nataka nyuma ipande. Jumatatu niko kazini."

Fundi akamtolea chaguo moja baada ya lingine kama muuza viatu. "Dawa ya kwanza ni seti nzima, majani mapya pande zote mbili. Gari itasimama na itabeba. Siku tatu."

"Siku tatu sina."

"Ya pili, nakuongezea jani moja nene kila upande. Nalipinda motoni, nalilaza chini ya mengine. Nguvu inaongezeka. Ila gari ikiwa tupu itakurusha kama mahindi kwenye ungo."

Tani Moja akashika kiuno kabla hata ya kurushwa. "Nusu ya safari zangu narudi mtupu, fundi. Ina maana nusu ya siku nitakuwa hewani. Na hospitali wameniambia huu mgongo hautaki mashimo."

"Kuna hizi shekeli ndefu, vyuma vinavyoning'iniza springi kwa nyuma. Zinanyanyua kidogo, lakini kwenye kona gari inaanza kuyumba kama imesahau inakokwenda. Na kuna mifuko ya upepo. Ni mpira unakaa kati ya springi na chesisi. Unaujaza ukipakia, unaupunguza ukishusha."

"Nimechoka kujaza tairi, leo nijaze na springi?"

"Basi nimemaliza."

"Na vile pale?"

Alikuwa anaonyesha vipande viwili vya chuma vilivyolala ukutani, kila kimoja kikubwa kama mche wa sabuni, kando ya boliti ndefu zilizopindwa. Fundi hakuvitazama.

"Vile si dawa, mzee. Vile unaviweka kati ya springi na ekseli, unafunga na boliti ndefu, tako linapanda. Ni kiatu cha kisigino. Kinakuongezea urefu, goti linabaki lilelile."

"Na kurusha?"

"Hakirushi. Springi si ni zilezile."

"Muda gani?"

Fundi akashusha pumzi. "Ukimaliza chai yako, nimemaliza."

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na nikiri kwamba ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Mtu aliyechoka akipewa dawa tano, huchagua ile isiyomsimamisha kwenye foleni. Fundi akafunga vile vipande, akakaza boliti, akampa funguo pamoja na onyo. "Mzigo uleule. Hata tofali moja usiongeze. Springi ni wazee walewale, nimewapandisha kwenye kigoda tu."

"Mzigo uleule," Tani Moja akaitikia, na alimaanisha.

Jumapili ilipita vizuri. Gari ilisimama nje ya nyumba, nyuma juu, pua chini. Mkewe akaizunguka na ndoo mkononi.

"Mbona sasa inatazama chini kama imedondosha sindano?"

"Ikipakiwa itakaa sawa."

"Na wewe nani anakupandisha?"

"Mimi nitakaa sawa nikipumzika."

Alipumzika, lakini si vya kutosha. Jumatatu alfajiri alikuwa kiwandani wa kwanza, macho yamevimba.

Sasa, pale kiwandani tofali hazihesabiwi wakati wa kupakia. Zinahesabiwa zikishushwa, kwa sababu nyingine zinavunjika njiani na hakuna anayetaka kulipia vipande. Kupakia ni kwa jicho, na jicho ni la nyapara wa wapakiaji, mwanamume mwenye vidole vinene kama ndizi mbivu. Anachuchumaa kando ya tairi la nyuma na kuingiza vidole kati ya tairi na bodi. Vikipita vinne, anasema ongeza. Vikipita vitatu, anasema taratibu. Vikipita viwili anagonga bodi mara mbili, gari inaondoka. Kwa pikapu ya Tani Moja vidole viwili vilikuwa tofali hamsini na tano. Ilikuwa hivyo kila siku, hakuna aliyewahi kuhitaji kuisema namba hiyo kwa mdomo.

Tani Moja alikijua kipimo hicho kuliko mtu yeyote. Miaka yote amekaa ndani ya gari akiusikia mzigo ukishuka mgongoni kwake. Lakini asubuhi hiyo aliweka paji la uso juu ya usukani, akasema moyoni dakika tano tu.

Nje, nyapara akaingiza vidole. Vikapita vinne, na nafasi ya mkono ikabaki.

"Ongezeni."

Wakaongeza. Akapima tena.

"Leo Mzee Tani amekuja na njaa. Ongezeni."

"Nyapara, mbona haishuki?" mmoja akauliza, tofali begani.

"Ametoka kwa fundi. We unadhani alikwenda kunyoa ndevu? Ongeza."

Bodi ilipogongwa mara mbili, Tani Moja akaamka, akatazama kwenye kioo cha pembeni. Tairi ilikuwa pale inapokuwaga siku zote, vidole viwili chini ya bodi. Akawasha gari.

Njiani usukani ulikuwa mwepesi. Alinieleza baadaye kwamba aliusikia, na akafurahi. Alidhani ni urefu mpya. Kumbe mzigo ulikuwa umekaa nyuma kiasi kwamba tairi za mbele zilikuwa zinagusa barabara kwa adabu tu. Aliendesha polepole, akayakwepa mashimo yote anayoyajua kwa majina. Alipofika kwenye geti la shule, palepale kwenye ule mstari wake, tairi za nyuma zikapanda kizingiti.

Hapakuwa na kishindo. Ilisikika kama mtu anavunja fimbo gotini. Jani kuu la springi ya kulia likakatika, kile kipande cha chuma kikachomoka kikaruka hadi kwenye kokoto, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na pikapu ikaketi katikati ya geti. Nyuma yake ilikuwa imefika lori ya zege, pipa linazunguka, dereva wake ametoa kichwa dirishani.

"Mzee, sogea. Hili zege halijui kusubiri."

"Haisogei, mwanangu."

Msimamizi alikuja na kofia yake. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Akaita mafundi wote wa ujenzi, wakaanza kushusha tofali kwa mkono huku mmoja akihesabu. Walipopita hamsini na tano, Tani Moja akageuza uso kuangalia bodi ya gari. Aliyehesabu aliendelea. Sitini. Sabini. Mwisho ulikuwa sabini na nane.

"Sabini na nane," msimamizi akasema. "Nani alikupakia?"

Tani Moja akampigia nyapara, akaweka simu isikike, akamweleza habari za vile vyuma viwili.

"Vidole vilipita vinne, mzee wangu," nyapara akajitetea. "Vikapita tena vinne. Sisi hatuhesabu, unajua. Ningejuaje kwamba gari imevaa viatu vya kisigino?"

"Hukukosea," Tani Moja akamwambia. "Mimi ndiye sikukwambia."

Akakata simu. Msimamizi alikuwa anatazama pipa la zege likizunguka.

"Nilikwambia tako lipande, mzee."

"Limepanda."

"Ndiyo. Limepanda."

Ilichukua karibu saa nzima kuivuta pikapu pembeni. Wakati huo mmoja wa wale watu watatu wa simu alishafika na gari yake, akapakia zile sabini na nane kwa safari mbili kutoka getini hadi kwenye jengo. Jioni alikuwa bado yupo. Kesho yake pia. Hakuna aliyemwambia Tani Moja kwamba kazi imekwisha, aliona tu watu hawampigii.

Jumanne alikuwa amekaa kwa fundi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Fundi alikuwa na haki ya kusema nilikwambia. Alichosema ni, "Umeumia mahali?"

"Hapana. Niwekee seti nzima."

"Siku tatu."

"Sasa ninazo."

Fundi akaacha kukuna kutu. "Wamekurudisha kazini?"

"Hawajanirudisha."

"Sasa majani mapya ya nini, mzee?"

"Gari iliyolala haiuziki."

Fundi akaokota koleo. Akachochea tanuru. Kwa siku tatu Tani Moja alikuja kila asubuhi akakaa juu ya ile ndoo, akishika tochi pale ilipohitajika kushikwa, kama mtu anayemuuguza ndugu. Siku ya pili alimpigia shemeji. Maneno hayakuzidi manne. Shemeji akasema, kwa upole uleule, "Njoo wakati wowote, shemeji."

Ijumaa jioni mkewe alifika kuangalia. Pikapu ilikuwa imesimama sawa, mbele na nyuma, haitazami juu wala chini. Akapanda ndani, wakazunguka mtaa mara moja bila mzigo. Springi mpya zilikuwa ngumu kidogo, na kwenye kila shimo wote wawili walishika viuno.

"Imepona," mkewe akasema.

"Imepona."

"Ungeanza na hii, baba."

"Ningeanza nayo."

Walipofika nyumbani wakashuka kwa awamu, wote wawili.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Ni mwanamke anayesambaza chakula cha kuku, mwenye daftari na kalamu ya kuning'inia shingoni. Alichungulia chini, akapiga tairi teke kama wanunuzi wote wanavyofanya bila kujua wanatafuta nini.

"Springi mpya hizi?"

"Za jana."

"Inabeba kiasi gani, mzee?"

"Tofali hamsini na tano. Wahesabu wakati wa kupakia, usikubali wapime tairi."

"Mimi sibebi tofali."

"Basi wahesabu magunia, mama. Na ikiwa tupu, nenda polepole."

Mama akaandika kwenye daftari, akafunga kalamu. Hakuomba punguzo. Iliuzwa milioni tatu na laki mbili.