Jiliwa Lenye Mpini wa Waya

Mashine ya kusaga ilinila vidole vitatu vya mkono wa kushoto, pale Karatu, mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Mkanda ulivuta koti, koti likavuta mkono. Basi, hapo sitaongeza. Nilibaki na gumba na kidole cha mwisho, nacho hakikunji, kimesimama kama msumari. Na mimi shule niliacha darasa la tatu nikachunge ng'ombe, kwa hiyo mikono ndiyo ilikuwa cheti changu. Cheti kikawa kimeungua nusu.

Aliyenipa kazi baada ya hapo ni mama mmoja wa Kilimanjaro, alipanga chumba nyuma ya duka la mbegu. Nikauliza kazi gani, akasema kutengeneza nzi. Nzi! Nilidhani msiba wangu umekuwa mchezo wa watu. Kumbe kweli. Unachukua ndoana ndogo kama kucha ya paka, unaivika uzi na manyoya ya shingo ya jogoo mpaka inafanana na mdudu, wazungu wanaenda kumdanganyia samaki wa mito ya baridi. Wakishamvua, wengine wanamrudisha majini! Niliposikia hilo nilishika kichwa. Kwetu kijijini Daa nimekua bila kuona samaki sufuriani, sasa nasikia kuna watu wanamvua ili wamwachie.

Niliyekaa naye meza moja, mama wa Kimaasai wa Endulen, kwake samaki ni nyoka tu. Alikuwa fundi wa shanga, vidole vyake vilikimbia.

"Baba," aliniambia siku ya kwanza, "dunia imekwisha. Mimi na wewe tunampikia nyoka."

"Yeyo, nyamaza, mwenye kazi anasikia." Yeyo ni mama, kwa Kimaasai.

"Asikie. Na yeye anampikia."

Sasa ile ndoana inabanwa na jiliwa, kama lile la gereji wanaloita vaisi, ila hili dogo, linafungwa ukingoni mwa meza. Limesimama tu, halitikisiki. Mkono wa kulia unapeleka unyoya juu ya ndoana, wa kushoto unaupokea chini, unaurudisha. Kwenye kupokea ndipo nilipokufa. Unyoya ulichomoka, uzi ukalegea, nzi wangu wakatoka wamepinda kama waliochapwa na fagio. Mama mwenye kazi alivumilia, mtu wa kanisa, lakini akaniita pembeni.

"Baba, mwezi ukiisha tuagane kwa wema. Wanunuzi wanarudisha kazi yako."

Nikasema asante mama. Utasema nini? Nyumbani kuna mke, kuna mtoto wa kunyonya, na mwenye nyumba haishi kwa asante.

Mwezi haujaisha, mnunuzi akaleta majiliwa mawili ya kuzunguka. Tuyajaribu, tubaki na moja, jingine alirudie. Hayo vichwa vyake vinageuka pamoja na ndoana, unaona mgongo na tumbo la nzi bila kuinama. Moja lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi, ukiligusa linazunguka lenyewe bila sauti. La pili jeusi, zito, limechubuka, na pembeni limetokeza mpini mrefu wa waya mnene uliokunjwa. Watu wote wakaenda kwenye la kung'aa. Nami nikaenda. Lakini la kulizungushia ni kifundo kidogo kama punje ya hindi, kinataka ncha za vidole viwili. Mkono wangu ukateleza, ukateleza tena.

Kijana mmoja wa Arusha mjini, mwenzetu wa kazi, akasema, "Dingi, liachie, unalitisha."

Wakacheka. Masikio yakawaka moto. Nikajisogeza kwenye lile jeusi, maana halikuwa na mtu, na nilitaka tu mahali pa kutazama. Nikaupitisha mkono mbovu. Kile kidole kisichokunja kikaingia kwenye kona ya waya, kikakaa. Nikasukuma. Ndoana ikazunguka pale pale ilipo, haiyumbi. Mwili ulinisisimka. Nikabana unyoya, nikasukuma tena kwa pupa, lo! Uzi nao ukajizungusha, ukafunga unyoya, ukafunga na kidole changu kizima. Kijana akapiga meza kwa kicheko.

"Baba, uzi unaning'inia, lazima ujizungushe," yeyo akasema. Akanifungua, akaning'iniza kijiti cha uzi kwenye kikono cha waya kilichokuwa mbele ya jiliwa, kumbe ndiyo kazi yake. "Sasa zungusha. Polepole, hukati miwa."

Nikazungusha. Mkono wa kulia umeshika ncha ya unyoya tu, wa kushoto unasukuma mpini, na unyoya unajilaza wenyewe, mstari kando ya mstari, umesimama wima kama nywele za paka aliyeona mbwa. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikuamini, nilitazama ule mkono wangu kama mgeni aliyeingia bila hodi. Yeyo alifunika mdomo kwa shuka.

Kijana akasema, "Sawa, lakini mama, lile la kung'aa ndilo la kisasa. Sote tunalitaka."

Mama akasogea, akaligeuza jiliwa jeusi kwa kidole, akamtazama nzi tumboni, akamtazama mgongoni.

"Wenye vidole kumi," akasema, "majiliwa ya siku zote yamewashinda nini?"

Akalifunga lile la kung'aa kwenye gazeti, akalirudisha ndani ya boksi. Kisha akanigeukia, uso mkavu kabisa.

"Na wewe unangoja nini? Huyo nzi hana kichwa bado."

Nikainama kumfunga kichwa, jasho linanitiririka kama mtu aliyeshikwa ugoni.