Namba Nne za Kufuli

Wanaume wasiri wapo, lakini yule mwashi alikuwa wa kuwekwa kabatini. Mtaa mzima walimwita Kufuli. Akiota ndoto, aligeukia ukutani mke asije akaiona. Akienda kutoa pesa, aliikumbatia mashine kwa kofia, koti na mgongo, mpaka mashine yenyewe ikawa haijui imebonyezwa nini. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anajua kipimo cha kiuno chake, cha shingo na cha kila kidole. Zile namba nne za kadi hakuzijua.

"Ukizijua utazifanyia nini?" Kufuli alikuwa akimwuliza.

"Nitakuibia nikanunue uzi."

"Basi ndiyo maana."

Walicheka, enzi hizo. Sasa walikuwa nchi ya watu, hospitali ya maghorofa, Kufuli kalala chali na uvimbe kichwani. Mpaka wa nchi aliuvuka anaongea, tena anagombana na kila aliyetaka kumshikia begi. Usiku wa kufika uvimbe ukakandamiza sijui mshipa gani. Kulipokucha hana sauti, na upande mzima wa kulia umekufa. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, nao kazi yake ilikuwa kukunja na kukunjua tu.

Daktari akasema kichwa kifunguliwe siku hiyo hiyo. Karani wa malipo akasema chumba cha upasuaji kipo, ila pesa ya kutanguliza ifike mkononi kabla ya saa tisa, la sivyo anaingia mgonjwa mwingine. Pesa zilikuwapo. Walikuwa wameuza kiwanja, na zote zilikaa benki ya kwao, nyuma ya kadi ile.

"Mume wangu, nibane kiganja. Namba ya kwanza."

Akabana mara tatu. Kimya kirefu. Akabana saba, kisha tano. Kimya tena, halafu kidole kikashtuka mara moja.

Mke akashuka ngazi anahesabu mdomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Mashine ya pesa ilikuwa mlangoni, inalindwa na mzee mmoja aliyewahi kuishi upande wao wa mpaka, anaongea lugha yao bila kigugumizi. Tatu, saba, tano, moja. Ikakataa. Tatu, saba, tano, tano. Ikakataa.

"Mama, hiyo mashine unaigombeza au unaitongoza?" mlinzi akauliza.

"Ni kadi ya mume wangu. Yuko juu, hasemi."

Mlinzi akaacha utani. "Basi usibahatishe tena. Ukikosea mara ya tatu inaimeza."

Akapanda tena, pumzi imemwishia. Kufuli akambana mara tatu, kisha akakunjua mkono wote, vidole vikalala wazi juu ya shuka.

"Umechoka?"

Akamkazia macho yale yale aliyokuwa anawakazia vibarua wakimharibia mchanganyiko wa saruji.

"Hakuna kitu? Sifuri?"

Akafumba macho taratibu, akafumbua. Ndiyo. Sifuri haibanwi, na mkewe aliiruka mara zote mbili. Tatu, sifuri, saba, tano. Akashuka mbio, mkono wa gauni ukanasa kwenye kitasa cha mlango ukachanika, asigeuke kuutazama.

Safari hii mashine haikusema namba ni mbaya. Ilifikiri sana, kisha ikatoa maneno mengine. Mlinzi akayasoma. "Inasema uongee na benki yako."

Akapiga simu akiwa kando ya kitanda. Kijana wa benki alikuwa na sauti ya adabu.

"Mama, kadi tumeifunga sisi. Imetumika nje ya nchi, na mwenyewe hakutuarifu kwamba anasafiri."

Mke akafumba macho. Alikuwapo siku walipoweka pesa za kiwanja, dirishani, msichana wa benki akauliza kwa upole mzee anasafiri kwenda wapi. Kufuli akamjibu: "Kwani wewe mke wangu? Hata mke wangu simwambii." Foleni nzima ilicheka. Na yeye alicheka.

"Mpe simu mwenyewe," kijana akasema. "Ataje jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, naifungua sasa hivi."

"Hawezi kuongea, mwanangu. Sauti imekatika usiku."

"Pole sana, mama."

"Atanibana mkono, mimi nikuhesabie."

"Atakayehesabu ni wewe, mama. Nikikubali kwako, kesho nitakubali kwa mwizi. Mwekee simu sikioni, tujaribu."

Akamwekea. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia jirani alichokula mchana akapanua mdomo kwa nguvu zote za mwili, mishipa ikamsimama shingoni, yuko tayari kumkabidhi mgeni kila alichonacho. Ukatoka upepo.

"Mzee, nakusikiliza," kijana alisema. Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa, mpaka salio la simu likaisha.

Saa tisa wahudumu wawili walikuja wakakigeuza kitanda cha Kufuli kuelekea wodi ya chini. Koridoni walipishana na kitanda kingine kinapanda, mgonjwa kashavishwa kofia ya upasuaji, ndugu zake wakitembea pembeni.

Mke alifuata nyuma na viatu vya mumewe mkononi. Mdomo wa Kufuli ulikuwa bado unafunguka na kufumbika, unafunguka na kufumbika. Tarehe yake ya kuzaliwa mwenyewe aliijua vizuri sana.