Mama Povu asaka mfanyakazi kwenye benchi la benki

Ijumaa, saa tatu asubuhi, benki imefurika. Kipaza sauti kinaita namba sabini na nne, dirisha la tatu. Kwenye benchi la nyuma, mwanamke mwenye kilemba cha kijani anaitazama karatasi iliyo mkononi mwake. Ni sabini na nne. Anaikunja, anaitia mkobani, kisha anamgeukia msichana aliyeketi pembeni yake.

"Haya, tuendelee. Zulia limemwagikiwa chai ya maziwa. Unaanza na nini?"

Hana akaunti katika benki hii. Amekuja kufanya usaili.

"Kuna viti, kuna ubaridi, kuna mlinzi mlangoni," anasema bila aibu hata chembe. "Msichana wa watu akikutana nami hapa haogopi. Niambie wewe, ofisi gani inaishinda hii?"

Majirani na wateja humwita Mama Povu. Kazi yake ni kusafisha makochi, mazulia na magodoro majumbani kwa watu. Aliianza miaka sita iliyopita kwa ndoo mbili na brashi ya kufulia. Leo ana mashine ya kufyonza maji, anayoilaza nyuma ya mlango wa jikoni. Ndoo zinakaa chini ya kitanda. Ofisi hana, na hakuwahi kuiwaza, maana katika kazi hii mteja ndiye anayefuatwa.

Mambo yamebadilika mwezi huu. Nyumba moja ya wageni yenye vyumba thelathini imempa kazi ya mazulia na magodoro yake yote, kila mwezi, kuanzia Jumatatu. Meneja ameweka sharti moja tu: waje watu wawili, kwa sababu vyumba haviwezi kufungwa wiki nzima vikimsubiri mtu mmoja. Na binamu aliyekuwa akimsaidia ameolewa, kahamia mbali.

"Zulia likilowa ni zito, utadhani limemeza mawe," anasema. "Peke yangu siliwezi. Nikikosa mtu, kazi imekwenda na maji."

Kutafuta mtu si shida. Shida ni pa kumkalisha. Alijaribu mkahawani, mhudumu akawa kila dakika anakuja kuuliza wanakula nini. Bwana wa meza ya jirani naye akaanza kujibu maswali yasiyomhusu.

"Na alijibu vizuri kuliko kijana niliyekuwa namsaili! Nikamuuliza kama anataka kazi. Akasema yeye ni mhasibu, asante."

Alijaribu nyumbani kwake. Shemeji yake, mlinzi wa usiku, alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, kajifunika hadi kichwani. Msichana aliyekuja aliona miguu ya mwanamume ikichungulia nje ya blanketi, akageuka akatoka mbio bila kuaga.

"Simlaumu. Hata mimi ningekimbia."

Ndiyo maana leo yuko benki, na msichana wa leo anamjibu bila kubabaika. "Simwagi maji kwanza. Nakandamiza kwa kitambaa kikavu hadi kinywe chai yote. Sisugui. Ukisugua unalizamisha doa."

Mama Povu karibu apige vigelegele. Kabla hajasema neno, mlinzi amesimama mbele yao. "Mama, namba yako imeitwa ikachoka. Mnasubiri nini?"

"Tunasubiri moyo utulie, baba."

Mlinzi anacheka, lakini mlango anawaonyesha.

Nje, kwenye ngazi, msichana akakiri kilichokuwa kikimkaba. Kazi anaitaka, ila mama yake hataki hata kuisikia. Mwaka jana dada yake aliitwa kwenye usaili, akalipishwa ada ya fomu, na aliporudi kesho yake akakuta chumba kitupu na simu zimezimwa.

"Basi twende kwa mama yako," Mama Povu akamwambia. "Anisaili yeye."

Mama wa msichana ni fundi cherehani, na mkasi haukumtoka mkononi muda wote wa mazungumzo. Mama Povu alimwomba kwa upole asimfananishe na matapeli.

"Wale walikuwa na ofisi, mwenzangu," fundi akamjibu. "Meza, kalenda ukutani, kila kitu. Wewe huna hata hiyo."

Akauliza habari ya mshahara, ya sabuni zinazochubua mikono, ya saa za kurudi. Yote yakajibiwa. Kisha akaweka mkasi chini kwa mara ya kwanza.

"Binti yangu akiteleza na ndoo kwenye ngazi za watu, au jioni ikaingia hajarudi, mimi nije nigonge wapi?"

Mama Povu anasema hapo ndipo alipofumbuka macho. "Miaka yote nadhani ofisi ni meza na kiti. Kumbe ni pa kugonga! Nikaona haya, kwa kweli. Nikamwambia, dada, vaa viatu twende."

Wakaenda wote watatu. Akamwonyesha mlango wake wa bluu, akamwinamisha aone ndoo chini ya kitanda. Fundi akauliza yule anayekoroma kwenye kochi ni nani.

"Shemeji yangu. Huyo si simu; hata mkitaka kumzima, hazimiki."

Jirani aliitwa atoe ushahidi, akasema Mama Povu yupo pale tangu yeye hajazaa. Fundi akatazama huku na huku, akasema "nimeona", akaondoka na binti yake. Hakusema ndiyo wala hapana.

Jumamosi ikapita kimya. Meneja akapiga simu kuuliza kama wako wawili. "Tuko wawili," Mama Povu akajibu. Leo anacheka akisimulia. "Nilishapiga moyo konde. Ikishindikana kabisa, namfunga shemeji aproni."

Jumapili jioni, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa fundi cherehani, peke yake, anahema.

"Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Mzima. Nimekuja kuona kama unafungua."

Mama Povu alimkaribisha ndani, fundi akakataa kuketi. Aliuliza tu kesho binti yake afike saa ngapi.

Jumatatu waliingia nyumba ya wageni wakiwa wawili, na vyumba thelathini vikaisha kabla ya wiki kwisha. Sasa Mama Povu anatafuta wengine wawili, na kila anayemwita kwenye usaili anamwambia aje na mama yake, au shangazi, au yeyote atakayekosa usingizi kwa ajili yake. Wanasailiana hapo hapo nyumbani, shemeji akihamishiwa chumbani na blanketi lake.

Ofisi? Labda mwakani, anasema. Kwanza atanunua kengele.

"Mama akija kumtafuta mwanawe hagongi polepole. Na mlango wangu mimi ni wa mbao nyepesi."