Turubai la Mbele

Wanajeshi walikuja kwenye gereji yetu kwa sababu moja tu: tulijua Kiswahili, lugha ya jeshi. Mafundi wengine wa Bukoto, mtaa wetu wa Kampala, walikuwa Waganda, na miaka ile ya utawala wa kijeshi Mganda akisemeshwa Kiswahili na mtu mwenye bunduki alianza kutetemeka kabla hajaelewa anaulizwa nini. Mimi na mume wa dada yangu tulikuwa tumekimbia vita vya kwetu, Kongo ya mashariki, na Kiswahili tulikinyonya kwa mama. Basi kila jipu la jeshi lililokohoa lililetwa uani kwetu, na majirani walioyaona majipu hayo wakaacha kutusalimu. Siwalaumu. Ningekuwa wao, nami nisingetusalimu.

Shemeji yangu alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye maneno ya kugawa. Alikuwa na desturi yake aliyoiita kuaga gari. Gari likiisha kutengenezwa, alimsimamisha mwenye gari mbele ya boneti, akaanza kusimulia kutoka puani hadi mkiani: hapa tumefanya hivi, hapa tumefunga hiki. Mwishoni, na hapo ndipo alipoona raha, alitaja kile kilichokosekana. Alisema fundi anayeficha kilichokosekana ni mwizi tu aliyevaa ovaroli. Wateja walimpenda kwa hilo. Mimi nilimwambia, "Shemeji, ulimi huponza kichwa." Naye alinijibu kwamba ukimya wangu huponza wateja, tukacheka, tukarudi chini ya magari.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua likaingia jipu, ndani yake kapteni mmoja na askari wawili. Kapteni alinukia sabuni. Sabuni yenyewe haikuonekana mjini. Hata Kikuubo, kwa wauzaji wa jumla, ungerudi mikono mitupu. Mtu aliyenukia sabuni ulimwogopa kabla hajafungua mdomo.

Askari walifungua nyuma, wakamvuta mtu kwa miguu, kichwa chake kikagonga bampa kisha ardhi. Alikuwa amevaa ovaroli kama letu. Taya lilikuwa limehama mahali pake, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondwa.

"Hii ni fundi," kapteni akasema. "Alisema gari yangu itapita kwa maji. Gari ilizima katikati. Mpaka sasa iko huko ndani. Nyinyi mnasema nini?"

Askari mmoja akamkanyaga yule mtu shingoni kwa buti, taratibu, huku anatutazama sisi. Kisha wakamwacha pale pale kwenye mafuta machafu, na kapteni akatueleza shida yake. Alikuwa anapitisha kahawa ya magendo kwenda ziwani, na kwenye barabara ya Ggaba kulikuwa na askari wa kikosi kingine walioweka kizuizi na kutaka mgao. Hakutaka kugawana. Alikuwa amegundua njia ya pembeni, ila njia hiyo ilikatwa na mkondo wa kinamasi ambao mvua ikinyesha hufika kwenye boneti.

"Nataka hii iogelee," akasema. "Ikizima, nyinyi pia mtazima."

Tukaanza kazi. Yule fundi mwenzetu alikuwa anakoroma kando yetu, na sikuruhusiwa hata kumpa maji. Nilimwomba askari, akanipiga kitako cha bunduki mbavuni, nikarudi kazini nimejikunja. Sijui alikata roho wakati gani. Najua tulipoanza kufunga mipira ya hewa alikuwa anapumua, na tulipomaliza nzi walikuwa wanaingia kinywani mwake bila kufukuzwa.

Kulivusha gari maji mengi ni kazi ya kuziba na kuinua. Kabureta ikivuta maji badala ya hewa, injini inavunjika vyuma vyake vya ndani, haizimi tu. Kwa hiyo tulifunga mpira mnene kwenye mdomo wa hewa tukaupandisha hadi juu ya paa. Giaboksi na difu nazo zina vitundu vidogo vya kupumulia. Hivyo tuliviungia mipira myembamba, tukaipandisha nayo. Chini ya klachi pana tundu la kumwaga mafuta, tukalitia kizibo cha skrubu. Distributa, inayogawa moto kwenye plagi, tuliifunga vipande vya tyubu ya baiskeli, safu juu ya safu. Grisi ya kuziba viungo haikuwepo Kampala nzima. Shemeji akapiga mbio nyumbani, mlango wa tatu kutoka gereji, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia ya mgando ambalo dada yangu alikuwa amelificha kwa ajili ya sikukuu.

Dada alimfuata hadi mlango wa ua, akamwona maiti, akaona buti. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Rudi na kopo langu," na akageuka kwenda nyumbani. Huyo ndiye mtu niliyekuwa namfikiria siku ile yote. Nilikuwa nimemuahidi baba yetu kwamba dada huyu hatapata ujane ugenini.

Kazi ilipoisha, nilitaka tunyamaze na jipu liondoke. Lakini shemeji alinyoosha ovaroli, akamsimamisha kapteni mbele ya boneti. Nilimkonyeza. Hakuniona, au aliniona. Nadhani alikuwa anaogopa kama mimi, na woga wake ulitokea mdomoni kama kawaida. Akaaga gari, kutoka puani hadi mkiani. Akaeleza kwamba gari la moto lisiingizwe kwenye maji baridi, kwa sababu vyuma vikipoa ghafla hunyonya maji ndani. Lipumzishwe kwanza ukingoni. Akaeleza kwamba pale ukingoni mkanda wa feni utolewe, la sivyo feni itarusha maji juu ya nyaya. Akaeleza kwamba majini hakuna kubadilisha gia, hakuna kukanyaga klachi, hakuna kusimama.

"Kitu kimoja tu kimekosekana, afande," akamalizia. "Turubai. Lingefungwa mbele, likaziba rejeta, maji yasukumwe kama wimbi na yasiingie kwenye injini kwa nguvu. Lakini turubai hatuna."

Kapteni akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri, akasema panda. Sote wawili.

Wakamtupa yule marehemu nyuma, juu ya magunia ya kahawa yaliyokuja na jipu, tukakaa naye. Huko kwenye kinamasi walimtupa ndani ya mafunjo kama takataka ya jikoni. Maji ya mkondo yalikuwa ya kahawia, yanakwenda polepole, na katikati yake paa la lile jipu la kwanza lilichomoza.

Tukazima injini ili ipoe, kama shemeji alivyoagiza. Mimi nikatoa mkanda wa feni nikauweka mfukoni. Kapteni akawasha sigara, akawa anazunguka mbele ya gari, anaitazama rejeta, anamtazama shemeji. Muda ule wa kupoza gari, tuliouomba wenyewe, ndio aliotumia kufikiri.

"Turubai iko upana gani?" akauliza.

Shemeji akanyoosha mikono kuonyesha. Kapteni akacheka na kuwaambia askari, "Mmeona? Inatosha."

Walimkalisha kwenye bampa, mgongo ukiegemea rejeta, mikono wakaipanua wakaifunga kwa kamba za katani kwenye vyuma vya taa, kushoto na kulia. Alipogoma kutoa mkono wa pili, askari mmoja alimpiga puani kwa kitako cha bunduki na damu ikamfika kifuani. Nilimrukia yule askari. Sikuwahi kumpiga mtu maishani mwangu, na hata siku ile sikumfikia. Niliangushwa, nikapigwa mateke hadi nikatema meno mawili. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo haijapata pa kwenda. Kisha kapteni akaniinua kwa ukosi, akanikalisha kwenye usukani.

"Endesha," akasema, akaketi nyuma yangu na mdomo wa bastola shingoni mwangu.

Nieleze vizuri hapa. Ili injini iwe salama, gari linatakiwa lisukume wimbi mbele yake na kulifuata wimbi hilo bila kulegeza. Sasa wimbi hilo lingekwenda kumfunika mtu. Nikienda kwa mwendo unaoifaa injini, namzamisha mume wa dada yangu. Nikienda polepole, maji yanaingia kwenye injini moja kwa moja, na ikizima tunakufa wote wawili pale katikati. Tumaini langu lote lilikuwa kwenye tyubu ya baiskeli na mafuta ya sikukuu.

Nikaweka gia ndogo kabisa, nikaingia polepole.

Kutoka kwenye usukani nilikuwa naona kisogo chake tu juu ya boneti. Maji yalipanda, nikajua yamefika tumboni kwake, kisha kifuani, maana alianza kuinua kidevu. Injini ilibadilisha sauti, ikanguruma kwa ndani, lakini haikukosa hata pigo moja. Nikawa naisemesha kwa Kiswahili cha kwetu, naibembeleza kama mtoto.

"Kanyaga," kapteni akasema.

"Afande, inakwenda vizuri hivi."

Akanigonga sikio kwa bastola. Nikakanyaga kidogo, wimbi likainuka, kisogo kikapotea. Nikalegeza kidogo, kikarudi, kinatikisika. Akanigonga tena. Tulipolipita lile jipu lililozama, tairi za mbele zikaangukia shimo na pua ya gari ikainama. Maji yakapanda juu ya boneti hadi kwenye kioo. Sikuona kitu chochote mbele yangu ila maji.

Singeweza kusimama. Singeweza kurudi. Niliushikilia mguu wangu pale pale ulipokuwa, na mguu wenyewe ulikuwa unataka kufanya kila kitu kingine. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema. Shimo lile lilikuwa refu kuliko pumzi ya mtu yeyote ninayemjua, ndivyo nilivyoamini, mpaka pua ya gari ilipoinuka na maji yakateremka pande zote mbili, na kichwa cha shemeji kikatokea kimelala upande. Halafu kikainuka. Akatapika maji na damu, akakohoa, na tukapanda ukingo wa pili injini ikiwa hai.

Nikaruka chini kwenda kumfungua. Kapteni akanizuia kwa mkono kifuani. Alikuwa anacheka, amefurahi kabisa, kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Wacha. Hii turubai yangu imefanya kazi."

"Afande, si yeye," nikamwambia. "Ni ile mipira. Ni yale mafuta. Hata bila yeye tungepita."

"Ile gari ya kwanza haikuwa na mtu mbele, ikazima. Hii iko na mtu, imepita. Wewe unaona mimi mjinga?"

Nikapiga magoti. Nilimweleza upya kila kitu, distributa, kabureta, vitundu vya kupumulia, nikamshika buti. Nilimwambia anifunge mimi. Akasema mimi mfupi, siwezi kuziba.

Kahawa ilikuwa bado nyingi upande tuliotoka, na jipu lilipaswa kurudi kuifuata. Askari mmoja alikuwa ameshaona jinsi ya kuendesha, kwa hiyo hawakunihitaji tena. Shemeji, mtu wa maneno, alikuwa hana pumzi ya maneno. Alinitazama, akasema tu, "Rudisha mkanda wa feni kabla injini haijachemka." Nikautoa mfukoni, nikaufunga nikiwa nimesimama kando yake, bega langu likigusa mkono wake uliofungwa. Sikuwa na kisu. Na askari alikuwa ameninyooshea bunduki.

Kapteni akanirushia pakiti ya sukari, akaniambia niondoke. Nilitembea hadi barabara ya Ggaba na pakiti ile mkononi, kwa sababu sikujua nafanya nini. Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua sukari, akaimwaga yote chooni. Kisha akakaa mlangoni kumngoja mumewe, na kila siku akakaa.

Mvua zilikuwa zimekwisha lile jipu liliporudi gerejini. Klachi ilikuwa inateleza, na nilipofungua giaboksi, mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa; maji yalikuwa yameingia, mipira imekatika, hakuna aliyeitazama. Kwenye vyuma vya taa, kushoto na kulia, kamba za katani zilikuwa bado zimefungwa. Vitanzi vilikuwa vitupu.

Kapteni alikuwa ameleta turubai. Jipya, la kijani, bado na mikunjo ya ghalani.

"Shemeji yangu yuko wapi, afande?"

Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka. Kisha akaligonga lile turubai kwa kiganja.

"Ile ya kwanza ilipasuka," akasema. "Hii iko na nguvu."

Nilizikata kamba. Nilibadilisha mafuta, nikasafisha klachi, nikafunga mipira mipya, nikalifunga turubai mbele ya rejeta, pembe zake nikazikaza pale pale penye alama za katani. Bunduki mbili zilikuwa zinanitazama, na ndani ya kifua changu nilimuua yule mtu kwa spana mara nyingi sana. Mikono yangu iliendelea na kazi.

Nilipofuta mikono, kapteni alikuja akasimama mbele ya boneti, miguu imepanuka, anangoja.

"Sema ile maneno," akasema. "Kama yule alikuwa anasema. Mimi nilipenda."

Nikaaga gari mbele yake. Nilianza puani, nikaenda hadi mkiani: hapa nimefanya hivi, hapa nimefunga hiki. Dada yangu alikuwa ameliona jipu, akawa amekuja hadi mlango wa ua. Alilitazama turubai, akazitazama zile kamba chini, miguuni pangu, akanitazama mimi.

"Na nini inakosa?" kapteni akauliza.

"Hakuna, afande," nikasema, dada akinisikia. "Hakuna kinachokosekana."