Jani la Isale Lililonishusha Kahe

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya jani. Nalisema mwanzoni kabisa, ili anayesoma asidhani nilikuwa na sababu ya akili kuliko hiyo.

Ijumaa jioni jirani yangu Mama Manka, anayeshusha ndizi sokoni Moshi, alinipitia akanikabidhi kifurushi. Ulikuwa mchele, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, na juu ya fundo limezungushwa jani bichi la isale.

"Umetoka kwa Mama Shafii wa Mawenzi," alisema. "Kasema pole. Na kesho usikose kuja."

"Kuja wapi?"

"Si kwake? Mimi nilikuwa na mikungu kichwani, mama. Nimeshika hayo mawili tu."

Huku kwetu Kirua Vunjo hata mtoto analijua isale. Tunalipanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Na mtu aliyekukosea kosa zito, hata la damu, akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na si vizuri kumkatalia. Halipelekwi kwa mchezo. Sasa Mama Shafii amenikosea nini mimi?

Nieleze kidogo. Mwanangu Aloyce na Shafii wake ni makuruta, wako kwenye mafunzo ya mwanzo ya jeshi, kambi ya mbali, na wazazi hawaruhusiwi kwenda mpaka wamalize. Siku walipochukuliwa, basi lilipopotea tulibaki stendi ya Moshi tumesimama kama watu walioibiwa. Mama Shafii ndiye aliyesema, "Jamani, kila mtu akalie kwake ndiyo nini? Twendeni kwangu tukanywe chai." Tangu hapo tunakutana kila mwezi kwa zamu: mjini kwake, mlimani kwangu, au Kahe kwa Baba Mwajuma, mjane ambaye binti yake wa pekee yuko huko pia. Anayepata barua anawasomea wote. Barua ya mwisho ilikuwa ya Shafii. Aliandika kwamba wanaanza kulenga shabaha kwa risasi za kweli, na kwamba yeye na Aloyce wamepangwa pamoja.

Risasi za kweli. Pole. Usikose kuja. Isale. Nilijumlisha mwenyewe, na hesabu mimi niliachia darasa la nne.

Mume wangu aliliangalia lile jani muda mrefu. "Labda watu wa mjini hawajui maana yake," alisema.

"Na kama wanajua?"

 Alikwenda kumkatia ng'ombe majani, ingawa alikuwa ameshamkatia.

Jumamosi asubuhi nilishuka na pikapu inayobeba maziwa. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, kwa hiyo mume wangu alibaki. Njiani mwanamke mmoja wa parokiani aliniuliza, "Aloyce hajambo?" Nikamtazama sana. Kwa nini aulize leo? Kwa haki niseme kwamba huyo mama huniuliza hivyo kila tukionana.

Moshi mjini maduka yalikuwa yamejaa vitu, siku hizi hata sabuni unachagua rangi, lakini sikusimama. Nilikwenda moja kwa moja Mawenzi. Nyumba ya Mama Shafii ilikuwa na kufuli. Barazani kwa jirani alikaa mzee fundi cherehani, anapunguza suruali ya mitumba.

"Shikamoo, mzee. Wenyewe wako wapi?"

"Marahaba. Wameondoka mapema, wanawake watupu. Na masufuria makubwa."

 Masufuria makubwa hutoka kwa harusi au kwa msiba, na harusi nisingekosa kuisikia.

"Kuna nini, mzee?"

"Sijui, mwanangu. Nimesikia Kahe."

Nilihisi ananificha. Lakini naandika kama ilivyokuwa: alijibu kwa kifupi kwa sababu alikuwa na pini mdomoni.

Kwenye basi la Kahe nilipata kiti cha dirishani. Kadiri tulivyoteremka joto lilipanda, na mimi nilikuwa bado na sweta la mlimani. Nikawaza: wamekutana kwanza bila mimi. Wanapanga nani atakayesema. Watamchagua Baba Mwajuma, kwa sababu ni mpole. Nikamchukia Baba Mwajuma kabla hajafungua mdomo. Niligeuka kuutazama mlima, lakini ulikuwa umejifunika wote.

Kahe nilishuka nikafuata mfereji mpaka shambani kwake. Mpunga ulikuwa umeiva, umeinama. Kabla sijawaona niliwasikia wanawake wakicheka. Waliponiona, wakanyamaza wote. Nasema tena, wote.

Mama Shafii alipanda kwenye tuta, kanga kiunoni, mundu mkononi. "Mama Aloyce! Tulidhani umetutupa!"

Nililitoa jani mfukoni nikamwinulia usoni. "Mwanao amemfanya nini mwanangu?"

Uso wake ulibadilika. Aliuacha mundu ukaanguka, akakaa pale pale kwenye tope. "Shafii? Umepata habari? Nani kakuambia? Mama Aloyce, usinifiche, ameumia?"

"Wewe ndiye uniambie!"

"Nikuambie nini, nami sijui kitu?"

Baba Mwajuma alikuja amebeba tita la mpunga, akaliweka chini taratibu. "Ngojeni, mama zangu. Hapa nani ana habari kutoka kambini?"

 Hakuna aliyekuwa nayo.

"Na hili jani?" nilisema.

"La heshima hilo!" alisema Mama Shafii. "Si uliniambia mwenyewe? Zamu ya kwako, nilikuuliza huu ua wenu ni wa nini, ukasema hili ni jani letu la heshima. Nikalikata kwa jirani yangu Mchaga, nikasema leo nimtumie mwenzangu kitu kwa heshima yao."

Sina hakika nilisema hivyo. Lakini yeye hana sababu ya kudanganya, na mimi nina tabia ya kufupisha maneno mbele ya wageni.

"Na pole?"

"Pole ya mlima! Ya kupanda na kushuka. Ulitaka nikupe hongera?"

"Na masufuria?"

"Wavunaji wale nini, mpunga mbichi? Nilimwagiza yule mama wa ndizi: mwambie aje Kahe, tunamvunia Baba Mwajuma, hana Mwajuma wake mwaka huu."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, kisha wote. "Huyu katoka Kirua na sweta kuja kuzika!" alisema mmoja. Nilivua sweta. Walinipa mundu.

Mchana, tukikata mstari mmoja bega kwa bega, Mama Shafii alisema bila kunitazama, "Kwa hiyo ulimwona Shafii wangu muuaji."

Ningeweza kukataa. "Ndiyo," nilisema.

Alikata mashuke kadhaa kwanza. "Mimi wako nilishamwona hivyo siku ile ile ya barua. Nilisema, kale katoto ka mlimani kanakobana macho kakisoma, kataiona hiyo shabaha kweli, au kataniulia mwanangu? Halafu nikaona aibu. Ndiyo nikakutumia mchele."

Nilisimamisha mundu. Basi jani halikukosea. Alilifunga bila kujua maana yake, na maana ilikuwa ile ile. Nilimweleza lote, tangu mpaka wa kihamba hadi kosa la damu. Alisikiliza mdomo wazi. "Na ukiletewa huwezi kukataa?"

"Huwezi."

"Basi umeshapokea," alisema, akaendelea kukata.

Jioni nilirudi mlimani. Mume wangu alikuwa amesimama mpakani mwa kihamba. "Mzima?"

"Hatujui. Hakuna anayejua. Ila hakuna anayejua baya."

Alipumua. Ng'ombe alikuwa amezaa, na mume wangu alikuwa bado hajaniambia.

Jumatatu nilikata jani la isale kwangu, nikampa Mama Manka pamoja na chane ya ndizi. Nilimfanya arudie ujumbe wangu mpaka akakasirika: namwomba Mama Shafii msamaha kwa kumwazia mwanawe mabaya. Alirudi na jibu: "Kasema amepokea. Lakini kasema jani halioti. Zamu ijayo uje na shina, apande barazani kwake."

Kama safari hii ilinifundisha kitu, na huenda nimefundishika vibaya, ni kwamba hofu ya mama mmoja haina macho ya kumtambua mwenye hofu kama yake. Yampasa ashuke mpaka kwake, hata kwa ugomvi.

Shina nimeshalikata. Nimelisimamisha kwenye ndoo ya maji mlangoni, kando ya viatu vya Aloyce, linangoja zamu.